Mswada wa Uhamiaji Ukisomwa Nairobi, Kipande Hutafutwa Faza

Mjadala wa sheria za uhamiaji ukichacha Nairobi, redioni huzungumzwa wageni: nani aingie, nani atoke, nani anachukua kazi ya nani. Huku Faza, Kizingitini na Kiunga, na kwa upande wa Malindi kule Mayungu na Ngomeni, wanaoanza kupekua masanduku ni wenyeji. Hutafutwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kipande (kitambulisho cha taifa) cha marehemu babu, kadi ya kliniki iliyotafunwa na mende. Wanajua wanachokifanya. Serikali haiwezi kumtambua mgeni bila kwanza kumtaka kila mtu aonyeshe kuwa yeye si mgeni, na mzigo huo haujawahi kugawanywa sawa. Kuna majina ambayo karani huyaandika bila kuinua macho. Kuna mengine humfanya aweke kalamu chini na kuuliza, "Wewe hasa ni wa wapi?"

Haya yaliyoandikwa hapa yametokana na kazi ya kuwaandalia watu faili za kipande, za vyeti na za uraia katika pwani hii ya kaskazini. Anayetaka kujua upande gani unastahili kushinda mjadala ataupata mwelekeo wetu njiani, lakini tulilo nalo hasa ni hili: mageuzi yoyote ya sheria hii yapimwe kwa kuuliza nani anatakiwa athibitishe, kwa karatasi gani, na akikataliwa anapewa nini mkononi.

Katiba ya 2010 yenyewe haina makuu. Ibara ya 14 yasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mamake au babake ni raia wa Kenya, awe amezaliwa ndani ya nchi au nje. Ibara ndogo ya pili inawaingiza hata waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo, madhali mzazi mmoja ni raia au alikuwa raia. Kwa Wabajuni hilo si dogo. Watu hawa wametandaa tangu Kismayu hadi Lamu, na mwanamke wa Kiwayu kuolewa Chula, kisiwa kilicho upande wa Somalia, ni jambo lililoutangulia mpaka wenyewe. Mtoto aliyezaliwa huko, kwa Katiba ya zamani, aliupata uraia kwa baba. Kwa Katiba ya sasa uraia wa mama unatosha. Kwa hiyo faili la mtu kama huyo hujengwa juu ya kipande cha mama, na hakuna haja ya kubuni kwamba alizaliwa Kiunga. Wako wanaoshauriwa kuandika hivyo "ili mambo yawe mepesi." Ushauri huo ni mbaya kabisa. Kutoa taarifa ya uongo katika usajili ni kosa la jinai, na karani akishagundua kuwa mahali pa kuzaliwa si pa kweli hataamini tena hata yaliyo kweli.

Matatizo yako chini ya Katiba, kwenye sheria ndogo na meza za ofisi. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, katika kifungu cha 8, inamruhusu afisa wa usajili kudai ushahidi zaidi kabla ya kumwandikisha mtu. Ni kifungu kifupi, na ukikisoma hakina ubaya: afisa gani asiyetakiwa kuhakikisha? Lakini hakisemi ni ushahidi kiasi gani unatosha wala uchukue muda gani. Ndani ya nafasi hiyo ndimo zilimokaa kamati za kupiga watu msasa, yaani kuwahoji asili yao kabla ya kupewa kipande, za machifu, wazee na maafisa wa usalama, ambazo kijana wa Nyeri hakuwahi kuziona na kijana wa Lamu hakuweza kuzikwepa. Mwezi Machi 2011 Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto iliamua, katika shauri la watoto wa Kinubi wa Kenya, kwamba serikali ilivunja haki zao kwa kuwaacha wakue bila uhakika wa uraia huku wenzao wa makabila mengine wakiupata bila kuulizwa. Shauri lile lilihusu Kibera zaidi kuliko Siyu, ila hoja yake inaingia kila mahali panapopigwa msasa.

Anayeuliza kwa nini watu wa huku wana karatasi haba aanze na wanawake. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 sheria ya vipande iliwahusu wanaume peke yao. Ni marekebisho ya 1978 yaliyowaingiza wanawake. Bibi aliyekuwa mtu mzima wakati huo, anayeishi kisiwani na asiyehitaji kipande kwa lolote, angeweza kufa bila kuwa nacho. Leo mjukuu wake anaambiwa alete kipande cha bibi. Kisha kuna vita vya shifta, vya waasi waliotaka kaskazini mashariki ijiunge na Somalia, 1963 hadi 1967, vilivyowahamisha Wabajuni kutoka vijiji vya bara kama Ishakani na Rubu. Watu walikimbilia Lamu, Malindi na Mombasa na nguo walizovaa. Na kuna uzazi wa nyumbani kwa mkunga, ambao usipopelekwa kwa naibu chifu hauingii daftarini hata siku moja.

Basi faili linaloenda vizuri huanza na mzazi. Kijana aje baadaye.

Ikiwa kipande cha mzazi kimepotea, usikimbilie viapo. Rekodi ya aliyewahi kuandikishwa ipo katika ofisi ya usajili, na alama za vidole zake zinaweza kuifufua hata kama nambari imesahauliwa. Mzee apelekwe mwenyewe akiwa na abstrakti ya polisi, yaani hati ya kuonyesha kipande kimeripotiwa kupotea, aombe kipande kingine. Hili lifanywe kijana akiwa na miaka 16 au 17, maana kipande cha mzee nacho huchukua muda wake, na foleni mbili zikifuatana zinamla kijana mwaka mzima wa kuomba nafasi ya chuo.

Mzazi akifariki, kipande chake hurudishwa serikalini wakati wa kuandikisha kifo. Familia nyingi hukitoa siku hiyo hiyo ya mazishi, kwa haraka na kwa majonzi, bila kubaki hata na picha ya simu. Miaka kumi baadaye mtoto wa mwisho anafika umri wa kipande na hana cha kuonyesha. Piga nakala pande zote mbili kabla ya kukitoa, nakala kadhaa, na uziweke pamoja na cheti cha kifo. Kama mambo yameshapita, cheti cha kifo pamoja na kipande cha ndugu wa marehemu wa tumbo moja hufanya kazi, mradi majina ya babu yalingane.

Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kiombwe ndani ya miezi 6 tangu mtoto azaliwe. Baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, ambao una masharti mengi zaidi: kadi ya kliniki, barua ya shule, vipande vya wazazi, wakati mwingine kiapo. Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika, na ni kosa la majina.

Majina ya huku yana njia nyingi za kuandikwa. Athman, Othman na Uthman ni mtu mmoja. Fatma, Fatuma na Fatima kadhalika. Mohamed peke yake lina maandishi yasiyopungua manne. Mwalimu aliyemwandikisha mtoto darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Muuguzi aliandika alivyozoea. Karani wa Nairobi aliandika ilivyompendeza. Halafu kuna "bin" na "binti," zinazoandikwa huku na kuachwa kule, na laqabu inayoshika nafasi ya jina la tatu mpaka wenyewe wanasahau la nasaba. Mashine hailijui lolote kati ya hayo. Herufi moja ikipungua, ni watu wawili.

Tunaloshauri ni kuchagua hati moja iwe msingi na nyingine zote zifuate. Kama cheti cha kuzaliwa tayari kipo, hicho ndicho msingi, na jina la shule lirekebishwe mapema, kabla mtoto hajaandikishwa mtihani wa kitaifa; baada ya mtihani marekebisho hupitia baraza la mitihani na yana ada. Kama cheti cha kuzaliwa hakijaombwa bado, hapo una bahati: kiombe kwa tahajia ile ile iliyo kwenye vyeti vya shule, alimradi ni jina lake la kweli. Kama hati zote zimeshatoka na hazilingani, kiapo mbele ya wakili au hakimu kinachosema majina haya mawili ni ya mtu mmoja hutosha kwa tofauti ya tahajia. Kubadilisha jina lenyewe ni jambo jingine, linahitaji hati ya kubadili jina na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Watu huuziwa hilo la pili, lenye gharama, wakati tatizo lao ni la kwanza. Uliza kabla hujalipa.

Kwa mtoto wa mama asiye na ndoa kulikuwa na mtego mwingine: Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, kifungu cha 12, ilizuia jina la baba kuandikwa pasipo ombi la pamoja la wazazi au uthibitisho wa ndoa. Mahakama Kuu ilikibatilisha mwezi Mei 2016. Hata hivyo bado unaweza kukutana na karani anayekitumia, na ni vizuri kuujua mwaka huo ukiwa kaunta.

Siku ya kuomba kipande chenyewe, fomu ya mara ya kwanza si ile ya anayerudia. Soma ilivyojazwa kabla ya kutia kidole. Angalia tahajia, mwaka, kijiji na nambari ya kipande cha mzazi, kwa utaratibu, hata kama foleni inanung'unika nyuma yako. Dakika tano hapo zinaokoa miezi. Kijana wa jahazini au anayechimba mawe aoshe mikono na kuipumzisha siku chache kabla, kwa sababu vidole vilivyokwaruzika havisomeki na ombi hurudi. Karatasi ya kusubiri usiikunje mfukoni. Ipige picha palepale, upande wenye nambari uonekane.

Sasa mjadala wenyewe. Rais William Ruto alitangaza mapema mwaka 2024 kwamba msasa wa kibaguzi kwa jamii za mpakani ungekoma, na tarehe iliyotajwa ikawa Mei 1, 2024. Tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, akatia saini tamko la kuuondoa. Walioupinga uamuzi huo walikuwa na hoja zao na si vizuri kuzidharau. Mpaka na Somalia haulindiki kwa urahisi. Lamu haijasahau mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014. Kuna waliosema vipande vitagawiwa kwa ajili ya kura za 2027. Na ni kweli kwamba vipande vimewahi kuuzwa, nani asiyejua?

Lakini kipande kinachouzwa hakiuzwi na kijana aliyekaa foleni na kadi ya kliniki. Huuzwa na mwenye muhuri. Msasa wa kamati haukumgusa huyo hata kidogo; ulimwongezea bidhaa. Mwenye pesa alipita mlango wa nyuma, na asiye nazo aliulizwa jina la babu wa babu yake. Kasoro kubwa ya kamati zile, kwa maoni yetu, ilikuwa kukosa maandishi, kuliko hata maswali yake. Kikao hakikuwa na kumbukumbu ambazo mwombaji angeweza kuziomba, uamuzi haukuwa na tarehe ya mwisho, na "rudi mwezi ujao" halikuwa jibu la kukataliwa wala la kukubaliwa. Mtu hawezi kukata rufaa dhidi ya "rudi mwezi ujao."

Wanaoshangilia tamko la 2025 nao wakumbuke kitu. Tamko la rais halifuti kifungu cha 8. Afisa bado anaweza kudai ushahidi zaidi, na rais mwingine anaweza kutia saini karatasi nyingine. Maadamu sheria yenyewe haisemi ushahidi gani unatosha, haki hii iko kwa hisani. Mageuzi yenye maana yangeandika orodha fupi ya hati ndani ya sheria, na kuweka siku ambazo ombi likipita bila kujibiwa kwa maandishi hati lazima itolewe.

Wapemba ni mfano wa karibu. Wavuvi hawa asili yao ni kisiwa cha Pemba, na wengi wao wazazi na mababu zao walizaliwa pwani hii ya Kenya. Bila kipande hakuna leseni ya uvuvi kwa jina lako, hakuna laini ya simu wala pesa za simu, na samaki wako unauza kwa bei anayotaka mwenye kipande. Tarehe 28 Julai 2023, huko Kilifi, walikabidhiwa rasmi uraia wa Kenya. Kabla yao walipita Wamakonde, baada ya kutembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwezi Oktoba 2016, na Washona mwaka 2020. Mlango wa jamii kama hizi sheria ilikuwa imeuweka, na kuuwekea muda. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya, iliyoanza kutumika Agosti 30, 2011, katika vifungu vya 15, 16 na 17, iliruhusu watu wasio na nchi, wahamiaji wa zamani waliokuwa huku tangu kabla ya Desemba 12, 1963, na vizazi vyao, kuomba uraia kwa kusajiliwa ndani ya miaka 5. Muda ukaongezwa miaka 3. Agosti 30, 2019 ukaisha, na yaliyofuata yametegemea utashi wa kisiasa.

Tazama kilichokuwa na kasoro hapo. Sheria ilikuwa nzuri, lakini miaka 8 ilitosha kuisha kabla ya watu wengi kusikia kuwa ipo. Anayechangia mjadala wa mageuzi na akaacha kifungu cha muda kama hicho kipite bila neno, amepitisha mlango uliotundikiwa saa. Pia, uandikishaji wa jamii kwa orodha humwacha aliye dago. Wavuvi wakiwa wamehamia kambini msimu wa kaskazi, maafisa wakija kijijini hukuta nusu ya wanaume hawapo. Viongozi wa ufuo waulize mapema uandikishaji utakuwa mwezi gani, na waombe siku za pili kwa walio baharini.

Jambo jingine kuhusu waliosajiliwa: uraia wao ni wa ibara ya 15, wa kuzaliwa ni wa ibara ya 14. Wa kusajiliwa unaweza kufutwa kwa sababu zilizotajwa katika ibara ya 17, kwa mfano ukigundulika ulipatikana kwa udanganyifu. Kwa hiyo cheti cha usajili kitunzwe vizuri kuliko kipande chenyewe. Kipande hutolewa kingine, cheti kina kazi yake. Mtoto anayezaliwa baada ya mzazi kusajiliwa ni raia kwa kuzaliwa. Waliotangulia kuzaliwa waandikishwe kila mmoja kwa jina lake, isidhaniwe wameingia pamoja na baba.

Upande wa kusoma mswada, tumeona watu wakipoteza nguvu mahali pasipofaa. Wa kwanza ni wanaokwenda kwa mwakilishi wa wadi. Uraia na uhamiaji ni kazi ya serikali ya kitaifa kwa Jedwali la Nne la Katiba. Bunge la kaunti haliwezi kubadilisha hata nukta. Njia ni Bunge la Taifa, na ibara ya 118 inalilazimu kushirikisha umma. Tangazo hutoka gazetini, kwa Kiingereza, na siku za kutoa maoni huwa chache. Gazeti lenyewe likifika Kizingitini hufika kufungia maandazi. Kwa hiyo mtu mmoja mtaani, mwalimu au kijana mwenye simu nzuri, apewe kazi ya kuangalia tovuti ya Bunge kila wiki. Ni kazi ya nusu saa.

Maoni yanayosomwa huandikwa kwa Karani wa Bunge la Taifa, kwa jedwali la safu nne: nambari ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno tunayopendekeza, na sababu. Barua ya kurasa tano inayolia dhuluma za tangu Uhuru haimpi mbunge kitu cha kunakili. Sentensi moja iliyo tayari kuingizwa humpa. Katika kusoma, usianze na vifungu vyenye adhabu kubwa, vinavyopigiwa kelele redioni. Tafuta mahali sheria inapomwachia waziri aandike kanuni, na mahali inaposema afisa "anaweza" badala ya "lazima," au "akiridhika" bila kusema aridhike kwa nini. Hapo ndipo mwananchi wa pembezoni anapofinywa. Penda kuongeza: "na akikataa, atoe sababu kwa maandishi ndani ya siku 30."

Kanuni ni hatari kuliko sheria kwa sababu hutoka kimya. Novemba 2023, kwa tangazo la Gazeti Rasmi tu, kipande cha kwanza kilichokuwa bure kikatozwa shilingi 1,000, na cha kurudia kikapanda kutoka 100 hadi 2,000. Mahakama ikasimamisha. Machi 2024 zikaja ada mpya, 300 na 1,000, na mwaka 2025 ile ya kipande cha kwanza ikasamehewa. Mtu wa Nairobi alilalamikia ada. Mtu wa Ndau aliongeza juu yake nauli ya boti kwenda na kurudi, na malazi ikiwa mtambo wa alama za vidole siku hiyo umezima. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inataka kanuni zifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa, na Bunge linaweza kuzibatilisha. Ni dirisha ambalo watu wachache hulitumia.

Malindi ina faili za sura nyingine: ndoa na uraia pacha. Wataliano wameishi pale miaka mingi, wameoa na kuolewa, na watu wanaamini ndoa inatoa pasipoti. Haitoi. Ibara ya 15 inataka miaka 7 ya ndoa, na kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia kinaongeza masharti, likiwemo kwamba ndoa haikufungwa kwa ajili ya uraia na wawili hao wanaishi pamoja wakati wa kuomba. Walioozwa kwa nikahi nyumbani wapeleke kwa Kadhi kuandikishwa mapema, maana Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za Kiislamu zisajiliwe, na cheti ndicho kitakachosomwa. Wakati wa kungoja hiyo miaka 7, mwenzi mgeni anahitaji pasi yake halali, na ikiisha hata kwa wiki moja kwa kusahau, historia hiyo itatokea kwenye ombi la uraia.

Kwa waliohama kwenda Omani, Emirati au Ulaya, mstari ni Agosti 27, 2010. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine kabla ya siku hiyo aliupoteza wa Kenya, na lazima aombe kurudishiwa. Ni haki yake kwa ibara ya 14(5), lakini haiji yenyewe. Aliyeuchukua baada ya hapo hajaupoteza, ila ana miezi 3 ya kutoa taarifa kwa Uhamiaji. Kutotoa taarifa ni kosa, na faini yake inafika shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Wengi husikia adhabu hiyo wakiwa wamekuja likizo ya Maulidi. Na Omani kwa upande wake hairuhusu uraia wa pili bila idhini, kwa hiyo usiombe kurudishiwa wa Kenya kabla ya kuuliza huko.

Suala hili la uraia linaunganika na ardhi, jambo ambalo katika mjadala wa uhamiaji halitajwi kabisa. Ibara ya 65 inampa asiye raia ukodi wa ardhi usiozidi miaka 99, na miliki yake ya kudumu hugeuka kuwa ukodi huo huo. Wengi huisoma wakimfikiria Mzungu mwenye nyumba ufuoni. Soma tena ukimfikiria mtoto wa Lamu aliyechukua uraia wa kigeni mwaka 1998, ambaye jina lake liko kwenye hati ya shamba la minazi la babake. Machoni pa ibara ya 65 naye si raia mpaka arudishiwe uraia wake. Ndugu wanaogombania mirathi huligundua hilo haraka kuliko mawakili.

Ombi likikataliwa, au likikaa bila jibu, usirudi kaunta kugombana. Andika barua ya ukurasa mmoja: jina, nambari ya karatasi ya kusubiri, tarehe ya ombi, na sentensi inayosema unaomba sababu za uamuzi kwa maandishi chini ya ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Afisa ana miezi 3 kujibu. Asipojibu, kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinaitaka mahakama ichukulie, hadi ithibitishwe vinginevyo, kwamba uamuzi ule haukuwa na sababu nzuri. Kwa mara ya kwanza katika safari nzima, mzigo wa kuthibitisha unahamia upande wa pili wa meza. Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe inayosomeka, na usitoke mlangoni kabla ya kuutazama, maana wino wa ofisi nyingi umekauka. Nakala nyingine ya barua hiyo itumwe kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo kulalamika kwake hakuna malipo. Iliyogongwa muhuri iingie kwenye mfuko wa plastiki, na isikae katika sanduku moja na nakala zake.